Mavumbi ya Miji Sita

Mji wa saba haukuwa na udongo. Ulikuwa jiwe moja jeupe, pana, na nyumba zimeota juu yake kama upele kwenye kichwa kilichonyolewa. Udongo uliokuwapo watu waliubeba wenyewe. Kila mtoto alizaliwa akapewa kikapu kimoja, akakua nacho, akapanda humo ule mmea mmoja alioruhusiwa na Mkuu wa mji, na siku ya kufa akazikwa humo humo, amekunjwa kama nguo za safari. Asiye na kikapu hakuwa mtu. Alikuwa upepo, na upepo haupewi kiti, hufungiwa dirisha.

Tusekile aliufikia mji huo asubuhi, kwa miguu. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, Biblia moja, raba za turubai zilizotoboka kwenye kidole gumba, na sketi ndefu yenye pindo zito kuliko sketi yenyewe.

Habari ya pindo hilo ielezwe mapema, isije ikaonekana ni uchawi. Wazee wa kanisa walimtuma miji saba kupeleka Neno, wakampa na agizo: mji ukikukataa, simama langoni, kung'uta mavumbi ya miguu yako yawe ushahidi juu yao, kisha songa mbele. Ni agizo la Maandiko na Tusekile hakuwa na ugomvi na Maandiko. Mji wa kwanza ulimkataa kabla hajamaliza salamu. Akaenda langoni, akainua mguu wa kulia, na papo hapo akasikia sauti ya mama yake, ambaye wakati huo alikuwa nyuma ya milima kumi akipalilia maharage: "Ukishakung'uta, nani atafagia?"

Akashusha mguu. Alijaribu tena, sauti ikarudi ile ile, na ukali ule ule wa mwanamke anayeona mtu anamwaga makapi kwenye ua uliofagiliwa. Basi akakaa chini, akafumua pindo la sketi, akapangusa vumbi la miguu yake kwa kiganja, akalimimina mle ndani na kushona. Mji wa pili ulimkataa, akafanya vile vile. Wa tatu walimrushia maganda ya mihogo. Wa nne walimsikiliza siku nzima wakiwa wamelala. Wa tano na wa sita hakuna haja ya kusimulia. Kukataliwa kunafanana, ni mlango tu unaobadilika rangi. Kufikia mji wa saba, pindo lilikuwa likimgonga vifundo vya miguu kila hatua, kama kengele isiyo na sauti.

Langoni alimkuta mwanamke mnene amekaa kwenye kigoda, mbele yake karai la maji, begani dodoki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ni Kalunde. Naosha miguu."

Tusekile alitabasamu. Kwao, kanisani, anayeoshwa miguu ni mpendwa. Akaanza kuvua raba.

"Vaa," alisema Kalunde. "Una haraka ya nini? Hapa tunaosha anayefukuzwa, siyo anayeingia. Udongo wetu usitoke hata chembe. Sikiliza sheria, binti, maana sirudii. Utabisha hodi, utakataliwa, utarudi kwangu. Mara tatu. Nikikuosha mara ya kwanza, unatoka udongo wetu. Mara ya pili, inatoka njia uliyojia, husemi tena umetoka wapi. Mara ya tatu linatoka jina, halafu unaondoka vizuri, mwepesi, bila kujua kama ulikuwapo."

"Na nikikubaliwa?"

Kalunde alicheka mpaka maji ya karai yakafanya mawimbi. "Kukubaliwa ni neno moja tu. Mtu wa mji huu akikwambia 'Kaa', umekaa, hata Mkuu hakutoi. Lakini nina miaka thelathini na mmoja kwenye kigoda hiki, au siku mbili. Hapa siku hazipangi foleni. Neno hilo sijalisikia. Watu wengine husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tunasema mgeni nenda."

"Nitabisha," alisema Tusekile.

"Bisha. Na angalia wanavyokuita. Mji huu mtu huwa vile anavyoitwa."

*

Nyumba ya kwanza ilikuwa na mwanamke anayemwagilia kikapu chake kwa kijiko cha chai. Hakugeuza kichwa. "We katoto," alisema, "mama yako anajua uko huku?"

Na Tusekile akawa katoto. Mikono ilirudi ndani ya mikono ya blauzi, Biblia ikamvuta chini kama jiwe la kusagia, na maneno yote aliyoyaandaa, mahubiri ya vichwa vitatu yenye mifano, yakamtoka kichwani. Likabaki lile moja ambalo mtoto wa miaka sita analijua. "Yesu anakupenda," alisema, kwa sauti nyembamba.

"Haya, mwambie nimesikia. Nenda kacheze." Lakini mtoto ni mtoto hata pale penye jiwe tupu. Kabla ya kufunga mlango mwanamke yule alichota kijiko cha maji, akamnywesha. Kilikuwa kijiko kimoja, kilichokusudiwa kikapu.

Mlango ukafungwa. Tusekile akabaki juani, na utamu wa maji ulimini, akiwaza kwa akili mbili, ya utotoni na ya utu uzima. Kumbe inatosha mtu akuite. Kumbe hawahitaji rungu wala jela. Anakutazama juu hadi chini, anachagua neno, na wewe mwenyewe unajikunja uingie ndani yake kama mguu kwenye kiatu cha mtu mwingine, na kinakubana, na unasema asante. Mji wa pili waliniita mpelelezi, nikaanza kutembea kama mpelelezi, nikichungulia. Mji wa tano waliniita mwanamke asiyepata mume, nikalala siku tatu nikihesabu kasoro za uso wangu. Nani aliwapa? Nani aliwapa kazi ya kunitaja?

"Tusekile," alisema kwa nguvu. Hakuna aliyekuwa akimsikiliza. "Tusekile! Naitwa Tusekile!" Mikono ikarefuka. Magoti yakapanda mahali pake. Akarudi langoni ana kimo chake kizima, na hasira.

Kalunde alimwosha. Maji yalikuwa vuguvugu, dodoki jipya, na vidole vya mwanamke yule vilijua kazi: vilipita katikati ya kidole na kidole, vikakanda unyayo pale pale ulipokuwa ukiuma tangu mji wa tatu. Tusekile akaanza kucheka.

"Unacheka nini? Unafukuzwa."

"Kwetu anayeoshwa hivi ni mpendwa."

"Kwetu ni mwizi."

"Basi mnawaosha wezi vizuri, mama. Mungu awabariki."

"Toa baraka zako kwenye karai langu," alisema Kalunde, lakini hakupunguza kukanda. Kisha alitazama maji. Yalikuwa yameingia wekundu, na mwamba ule haukuwa na wekundu wowote. Alilisogeza karai lile nyuma ya kigoda, akachukua jingine. Tusekile aliona.

*

Nyumba ya pili ilikuwa ya msusi wa vikapu, kijana mwenye kucha ndefu. Alisimama kwa heshima zote. "Shikamoo, bibi. Umechelewa. Mambo ya dini hapa tuliyamaliza zamani."

Ndipo mgongo wa Tusekile ulipopinda. Magoti yalilia. Alijishika ukutani akaona mkono wake una mishipa kama mizizi iliyoachwa wazi na mvua, na akajua, jinsi mtu anavyojua ndotoni, kwamba hii si hila ya macho. Miaka ile alikuwa ameiishi. Alikuwa ametembea miji sabini, siyo saba, na yote ilimkataa, na wazee waliomtuma walishakufa, na kanisa lilishaezekwa bati jipya, akachaguliwa mchungaji asiyemfahamu, na katika orodha ya wajumbe jina lake liliwekewa mstari kwa sababu hakuna aliyejua aandikwe nini mbele yake.

Hapo lilikuja lile swali. Halikuja kwa upole. Barua isiyofunguliwa na mtu yeyote, ni barua? Mjumbe asiyepokelewa na mlango hata mmoja, toka ujana wake mpaka meno yanang'oka, alitumwa kweli au alitembea tu? Pengine kutumwa si kitu anachokupa anayekutuma. Pengine ni kitu anachokukamilishia anayekupokea, na bila yeye wewe ni mtu mwenye raba mbovu anayezunguka nchi akisumbua watu wanaomwagilia mimea yao. Sauti za wenye milango zote sabini zilimjia pamoja. Hatukukuomba. Hatukukuita. Hatuna nafasi. Rudi kesho. Mume wangu hayupo. Tuna dini yetu. Tuna usingizi. Wewe nani?

Akasimama na swali hilo kama mtu aliyesimama na sufuria la moto mikononi, hana pa kuliweka. Na mama yake, aliyekuwa nyuma ya milima kumi, au kaburini, au bado hajazaliwa, akasema bila kuacha kupalilia: "Nikikutuma dukani ukakuta duka limefungwa, nimekutuma au sijakutuma? Usinichoshe."

Tusekile alicheka kicheko cha kikongwe, kile kinachoishia kwenye kikohozi. Msusi, kwa kuona bibi anakohoa, akasukuma kigoda chake. Hakusema kaa. Alisukuma kwa mguu tu, akatazama kando, maana hata kwenye mwamba huwezi kumfukuza bibi akiwa amesimama. Tusekile alikalia kigoda kile kwa pumzi tatu. Tangu mji wa kwanza hakuwa amekaa kwenye kiti cha mtu. Alihisi ubao ukiipokea mifupa yake, akasema moyoni: kijiko kimoja, pumzi tatu. Wengine walipewa mito ya maji na viti vya enzi. Mimi hivi vyangu navichukua, na sitamwachia mtu.

"Jina langu Tusekile," alimwambia msusi, akainuka. Mgongo ukanyooka kwa mlio. "Na mimi siyo bibi yako, kaka. Nina miaka ishirini na mitatu. Kata kucha."

Kuosha kwa pili kulikuwa kimya. Dodoki lilipopita, milima kumi ilifutika mmoja mmoja. Ukafutika uga wa kanisa, ikafutika kona ya njia yenye kisima, na mwisho ikafutika sura ya mama yake, ikabaki sauti tu bila mdomo. Tusekile alitazama nyuma yake, nje ya lango, akaona weupe mtupu.

"Ulitoka wapi?" Kalunde aliuliza. Ndiyo sheria, lazima aulize ahakikishe.

"Sijui." Aliusogeza mguu, pindo likamgonga kifundo. Akainama, akalishika, zito, lenye mafundo sita. "Sijui ni wapi. Lakini nilitoka mahali. Huu mzigo haukuanzia hapa."

Kalunde alilitazama pindo, akatazama mshono wake. "Nani kakufundisha kushona? Mshono kama meno ya mtoto, mapengo matupu. Unamwaga njia nzima."

"Ndivyo alivyokuwa akisema mama."

"Hukumbuki mama."

"Sikumbuki sura. Maneno makali hayasafishiki."

*

Mlango wa tatu haukuwa mlango. Ulikuwa kilima cha udongo, cha pekee mjini, kilichotokana na maji ya miguu ya watu wote waliowahi kufukuzwa, yaliyomwagwa hapo mpaka matope yakaganda yakapanda. Mkuu wa Mwamba alikaa juu yake. Alikuwa mwanamume mdogo, msafi, mwenye sauti ya mtu asiyewahi kurudia jambo. Hakumwita Tusekile katoto wala bibi. Hakumwita kitu. Alitazama pale alipo kama mtu anavyotazama kizingiti, na Tusekile akaona vidole vyake mwenyewe vinafifia, kisha viganja, kisha Biblia ikaning'inia hewani, haijulikani imeshikwa na nini.

Pindo peke yake ndilo lililobaki kuonekana. Mkuu aliliona. Macho yake yakapata njaa.

"Udongo wa miji sita," alisema. "Mwekundu, mweusi, wa mfinyanzi. Mwamba huu haujawahi kupata mgeni ghali hivyo. Sikiliza, wewe usiyekuwapo. Umimine hapa kwenye kilima. Kesho nitatangaza kwamba Mkuu amewapa watu wake udongo mpya. Nawe nitakupa kikapu, jina zuri nitakalolichagua, na jukwaa. Utahubiri kila siku, watakuja wote, nitawaamuru. Si ndicho ulichofuata?"

Ndicho alichofuata. Hakuna haja ya kumpamba: Tusekile alitamani. Aliwaona watu wamejaa, kimya, wanasikiliza, na wazee wa kanisa wanapokea barua: mji wa saba, wote. Nani angeuliza walikujaje? Alikuwa amechoka mpaka kwenye nywele. Na asiyekuwapo ana haki gani ya kukataa? Akatae kwa mdomo upi?

Akautafuta mdomo. Ilikuwa kama kutafuta sindano kwenye giza, kwa kupapasa. Alianza na jino, akapata ulimi, ulimi ukakumbuka maji ya kijiko.

"Udongo huu," alisema, na shingo ikaonekana, "nilipewa na watu walionifukuza. Hawakujua, lakini walinipa. Sitaumwaga chini ya makalio yako uitwe zawadi yako."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Unanunua. Aliyenituma hakunituma nikapate wasikilizaji wa kuamriwa. Alinituma nibishe. Nimebisha." Mabega yakarudi, mikono ikarudi, ikaikamata Biblia kabla haijaanguka. "Kama ni kuitwa, naitwa Tusekile. Nilikuwa naitwa hivyo kabla hujapanda juu ya hicho kilima cha maji machafu, na mwenye kuniita bado ananiita. Wewe jina lako nani?"

Mkuu alifungua kinywa. Miaka yote alikuwa mwenye kuwataja wengine. Hakuna aliyewahi kumtaja yeye. Alitafuta, hakupata, akafunga kinywa.

"Aoshwe," alisema hatimaye. "Litoke."

*

Jua lilikuwa palepale lilipokuwa asubuhi. Tusekile alishuka mwenyewe mpaka langoni, hakuna aliyemshika. Njiani alikuwa akijisemea kama mtu anayebeba maji kwenye viganja. Tusekile. Likitoka hili, nani atakayekumbuka kijiko? Nani atakayejua kiti kilikuwa cha mti gani? Tusekile. Liwalo na liwe. Sitakung'uta. Hata nikisahau kwa nini, sitakung'uta.

Alikaa mbele ya Kalunde, akanyoosha miguu.

"Umemuuliza jina?" Kalunde alinong'ona. "Mji mzima umesikia. Wee mtoto una wazimu."

"Osha, mama. Usinicheleweshe kwa huruma."

Kalunde alichukua dodoki. Akalirudisha begani. Akaangalia huku na huku, kisha akanyoosha mkono nyuma ya kigoda na kulivuta lile karai la kwanza, aliloficha siku ile, ambayo ilikuwa leo, au mwaka juzi. Maji yalikuwa yamekauka. Chini palibaki tope jekundu, jembamba kama ukoko wa ugali, na katika tope hilo machipukizi matano, kila moja na majani mawili yasiyozidi ukucha.

"Nilitakiwa nikamwage kwenye kilima," alisema Kalunde. "Sikumwaga. Udongo wenyewe haukuwa wetu, nikasema nitamwaga kesho. Sasa vimea hivi vimetoka. Mkuu hajaviruhusu, hakuna aliyevipanda. Nimejaribu kuving'oa mara mbili, mkono unakataa. Hii ni nini?"

Tusekile aliinama. Shina jekundu, jani lenye ncha butu. Mbegu ndogo kama vumbi lenyewe. Ilitoka mji gani, kwenye maganda ya nani, Mungu ndiye ajuaye. Ilikuwa imesafiri pindoni na kumwagika kwenye pengo la mshono mbovu.

"Mchicha," alisema. "Ni mchicha, mama. Unakatwa ukiwa mchanga, unachemshwa kidogo tu, usiuue. Ukikata, unaota tena."

"Unaota tena? Bila ruhusa?"

"Hauombi."

Kalunde aliyagusa majani yale kwa ncha ya kidole. Kisha alilisukuma karai la maji safi kuelekea kwa Tusekile, akavua ndara zake. Miguu yake ilikuwa mipana, imepasuka visigino, na weupe wa mwamba umeingia katika kila ufa. Miaka thelathini na mmoja ya kuosha, na hakuna aliyewahi kuigusa.

"Kaa," alisema.

Tusekile alibaki amenyoosha miguu yake.

"Nimesema kaa. Ulitaka niimbe? Nani atanionyesha kukata huo mchicha?" Alitumbukiza miguu yote miwili, maji yakaruka. "Na usidhani nimeokoka. Visigino vinaniuma tu."

"Sijauliza," alisema Tusekile, akapiga magoti, akachukua dodoki.

Juu kule, kilimani, sauti isiyozoea kurudia jambo ilirudia. "Nani huyo bado yuko langoni? Nauliza, nani huyo?"

Tusekile hakuinua macho kutoka kwenye visigino vya Kalunde. Palikuwa na ufa mmoja mrefu, wa kale, na alikuwa amekwishaanza kuusafisha kwa kidole gumba, polepole.

"Tusekile," alijibu. "Nipo."